Pumzi Katikati ya Mstari

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Bi Silabi, naye alijua, ingawa kila mwaka alijitia hamnazo. Walikuwa na haki yao. Hakuna aliyewahi kutoka kwenye somo lake la ushairi wa Kigiriki cha kale bila viganja kuwasha, kwa sababu kila mstari aliwapigisha makofi: silabi ndefu kofi zito, silabi fupi kofi jepesi, mpaka majirani zao wa idara ya hisabati wakaandika barua ya malalamiko. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mjane wa mwaka wa saba. Asubuhi hiyo ya Jumanne alisimama mbele ya wanafunzi kumi na tisa akiwa na jambo moja tu moyoni, na wala halikuwa silabi.

Kinyago alikuwa anaondoka Ijumaa.

Kinyago nalo lilikuwa jina la kubandikwa. Mwenyewe alikuwa mhadhiri wa tamthilia, aliyeajiriwa kwa mwaka mmoja kuziba pengo, na tangu siku ya kwanza alionekana akipita kwenye korido na vinyago vya karatasi na gundi chini ya kwapa, akiwaeleza wanafunzi kwamba kwenye jukwaa la Wagiriki wa kale hakuna mwigizaji aliyepanda bila kufunika uso. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye macho ambayo yakikutazama unajikuta unakagua kama umefunga vifungo vyote. Kwa miezi minane alikuwa amembebea Bi Silabi madaftari, amemwekea kiti kwenye vikao, amecheka utani wake hata ule usiochekesha. Na kwa miezi minane hakuwahi kutamka neno. Hata moja. Katibu wa idara alikuwa keshawaoza zamani, wapika chai walikuwa keshawapangia idadi ya watoto, lakini mhusika mwenyewe alikuwa kama amemeza kufuli.

Tusizungushane: Bi Silabi alimpenda. Alimpenda kwa hasira, kama unavyompenda mtu anayekuweka mlangoni bila kukuambia ingia wala ondoka. Kila akimwona anakuja kwenye korido alijiambia leo atasema, na kila alipopita alijiambia basi kesho. Sasa kesho zilikuwa zimebaki tatu.

"Leo tunamsikiliza mjumbe," aliliambia darasa. Kinyago alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na dirisha, kwa sababu mkuu wa idara alimtuma aangalie kama wanafunzi wako tayari kwa onyesho la kufunga mwaka. "Nani atanikumbusha? Kwenye tamthilia hizi, watu wanafia wapi?"

"Ndani, Mwalimu," alijibu msichana wa mstari wa mbele. "Hatuwaoni."

"Na tunajuaje kama wamekufa?"

"Anatoka mjumbe, anatusimulia."

"Vizuri. Viganja juu."

Akabonyeza kinasa sauti, na sauti ya mume wake ikajaa darasani.

Kwa wanafunzi ile ilikuwa sauti ya mzee fulani anayesoma. Kwa Bi Silabi ilikuwa ya Profesa, aliyeanzisha somo hilo chuoni, akamfundisha yeye akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, akamwoa miaka minne baadaye, kisha akamwachia darasa na nyumba iliyojaa vitabu. Alijirekodi mwaka waliooana, kifua chake kikiwa bado kizima. Aliyasoma maneno ya mjumbe kama mtu anayemwaga maji kutoka kwenye mtungi, mstari mzima kwa pumzi moja. Mara moja kwa mwaka mjane wake aliicheza kanda ile, kwa sababu hakukuwa na mfano bora wa kufundishia. Mara moja kwa mwaka, kwa siku nne au tano baada ya hapo, alisikia kikohozi chumba cha pili nyumbani kwake, chumba kisicho na mtu. Hilo hakumwambia yeyote.

Wanafunzi walipiga makofi. Zito, jepesi, zito. Ghafla kanda ikakwaruza, sauti ya Profesa ikawa nzito kama ya mtu anayezama, ikakatika.

Darasa likacheka kidogo. Bi Silabi akakigongagonga kinasa sauti, akakifungua, akakifunga. Ndipo kutoka nyuma sauti nyingine ikaendelea pale pale ilipoishia ile ya kwanza. Kinyago alikuwa amesimama, amefumba macho, anasoma kutoka kichwani. Hakuwa na kitabu. Wanafunzi wakageuka, kisha makofi yakarudi, wakamfuata.

Alisoma mstari wa kwanza vizuri. Wa pili vizuri. Kwenye mstari wa tatu, baada ya neno la tatu, akasimama, akavuta pumzi fupi, akamalizia. Makofi yakavurugika.

"Mwalimu kakosea!" kijana mmoja akapiga kelele kwa furaha, maana ni nadra.

Kinyago akafumbua macho, akatabasamu. Tabasamu hilo halikumaliza safari yake, kwa kuwa alimwona Bi Silabi.

Bi Silabi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kwenye kanda pumzi ile haikuwepo. Kwenye kitabu chochote haikuwepo. Mahali pale hakuna msomaji duniani anayepumzika, maana unalivunja wazo vipande viwili. Pumzi ile ilizaliwa wodini, miezi mitano ya mwisho, mapafu ya Profesa yaliposhindwa kuubeba mstari mzima. Kila Jumamosi mumewe alimsomea maneno ya mjumbe akiwa ameegemea mito mitatu, akafika neno la tatu, akavuta hewa, akasema, "Aliyeandika haya angenichapa bakora." Bi Silabi alidhani ni watu wawili tu duniani waliowahi kuisikia.

"Darasa limekwisha," alisema.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Wanafunzi hawakungoja kuambiwa mara mbili.

*

Ofisi ya Bi Silabi ilikuwa finyu, meza moja, viti viwili, kabati la kamusi nene. Alimwingiza Kinyago, akafunga mlango, akabaki ameuegemea kama anayeogopa mtu atatoroka.

"Wewe ni nani?"

"Mwalimu, tafadhali, keti kwanza."

"Usinikalishe ofisini kwangu. Nimekuuliza. Ile pumzi umeitoa wapi?"

Kinyago hakujifanya haelewi. Hilo angalau alishukuriwa kwalo baadaye. Aliketi yeye, akaweka viganja juu ya magoti.

"Kwa Profesa," alisema. "Nilikuwa muuguzi wake."

"Mume wangu aliuguzwa na wauguzi sita. Nawakumbuka wote."

"Unatukumbuka kwa sura? Ile ilikuwa wodi ya mapafu. Wote tulivaa barakoa, na wewe ulivaa. Mimi ndiye niliyekuwa nakuletea kiti kile cha chuma chenye mguu mmoja mfupi, nakikunjia karatasi chini kisikuyumbishe."

Bi Silabi alikikumbuka kiti. Alimkumbuka hata yeye: nguo za buluu, kofia, barakoa, na kati ya kofia na barakoa macho mawili yaliyokuwa yakimtazama, kisha yakiinama haraka. Miaka saba! Na kwa miezi minane macho hayo hayo yalikuwa mbele yake kwenye kila kikao cha idara, ila sasa yana pua na mdomo chini yake, na hakuyatambua.

"Jumatatu hadi Ijumaa wewe ulikuwa huku unafundisha," aliendelea Kinyago. "Yeye hakuwa na mtu wa kumfundisha, na ugonjwa wake mkubwa, unajua mwenyewe, ulikuwa kukosa mwanafunzi. Nilikuwa nampima joto, ananiambia kabla hujaandika namba hiyo rudia mstari. Nikaurudia. Miezi mitano. Sikujua hata herufi moja ya Kigiriki, nilishika kwa masikio tu, na nilishika pamoja na pumzi. Alipokufa niliacha kazi, nikaenda kusoma lugha yenyewe. Walimu wangu wote walijaribu kunitoa hiyo pumzi. Haikutoka."

"Miezi minane," Bi Silabi alisema. "Miezi minane unakunywa chai na mimi, nakusimulia habari zake kama mtu asiyemjua, na wewe unaitikia. Ehe! Kumbe! Unaitikia kama mwigizaji. Watoto hawakukosea jina."

"Nilikosea. Nakubali."

"Sasa niambie jambo moja, na ukinidanganya nitajua." Alimkaribia. Alikuwa na hofu ya swali lake mwenyewe. "Alikutuma? Alikuambia nenda kamwangalie mke wangu, usimwache mpweke? Zile fadhila zote, madaftari, kiti, yale macho, ni wosia unatimiza?"

Hicho ndicho kilichokuwa kikimchoma. Kupendwa kwa agizo la marehemu, akabidhiwe kama kabati la vitabu. Angevumilia kudanganywa, hilo asingelivumilia.

Kinyago akatikisa kichwa.

"Sikutumwa," alisema. "Nilikatazwa."

Nje mtu alipita na ndoo, maji yakichapa kuta zake. Wote wawili wakasubiri apite.

"Nilikuwa nabadilisha zamu niwepo Jumamosi," alisema Kinyago taratibu. "Sikutegemea lolote. Nilitaka tu kuwepo unapoingia. Siku moja Profesa akaniambia, 'Kijana, Jumamosi nne mfululizo. Mimi nimekula chumvi nikisoma maneno yaliyofutika kwenye karatasi za mafunjo za miaka elfu mbili, unadhani nitashindwa kusoma macho yako?' Nikataka ardhi inimeze. Akanishika mkono. Akaniapisha. Nisikuendee, na nisikutamkie neno la mapenzi, yeye akiwa hai au akiwa amekufa. Mama yake alikuwa amekaa pale pale, alisikia."

"Mama?"

"Kwa nini unadhani siku ile uliponialika nyumbani alinitazama kama mwizi?"

Bi Silabi alikuwa amejiuliza. Mama mkwe wake, aliyempokea kila mgeni kwa bashasha, alimwangalia Kinyago mara moja tu, akaingia chumbani, na jioni akasema, "Yule asirudi tena hapa." Hakutoa sababu, na Bi Silabi alidhani ni wivu wa kawaida wa mzazi.

"Na wewe ukaapa."

"Alikuwa anakufa, Mwalimu. Nani anamkatalia mtu anayekufa?"

"Halafu ukaomba kazi chuo hiki hiki."

"Kiapo hakikusema nisifundishe." Alijicheka bila furaha. "Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nilisema nitakuona mwaka mmoja, nitashiba, nitaondoka. Sikushiba."

Bi Silabi alikaa sasa. Alimwona Profesa wake, mtu wa maneno laini, aliyemwandikia vikaratasi vya mapenzi ndani ya kamusi, akimminya muuguzi mkono kwa vidole vilivyobaki mifupa, akimfungia mkewe mlango kutoka kaburini. Alimkasirikia. Halafu, ndani ya hasira ile ile, alimhurumia, kwa maana kumbe aliogopa. Wakati wote ule alipokuwa akitania kuhusu bakora, aliogopa.

"Ulikuwepo alipokufa?" aliuliza. "Waliniambia alilala tu. Miaka saba naambiwa alilala tu. Mimi nafundisha kila mwaka kwamba lazima atoke mtu aseme kilichotokea ndani, na kwangu hakutoka mtu."

"Nilikuwepo."

"Basi nisimulie."

Kinyago alivuta kiti karibu, lakini hakumgusa.

"Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mama alikuwa ametoka kutafuta chai. Dirisha lilikuwa wazi, jua limefika kitandani, akaniomba nisilifunge pazia. Hakuwa na maumivu, hilo halikuwa uongo. Akaniuliza, 'Leo Jumamosi?'"

Bi Silabi alifunika mdomo.

"Nikamwambia ndiyo. Ndiyo, Profesa, Jumamosi. Akanyoosha mkono upande ule unaokaa wewe. Kiti kilikuwa kitupu. Nikakaa mimi, nikampa mkono wangu. Hakufumbua macho tena. Alisema, 'Umechelewa leo,' kwa utani, unajua alivyokuwa akisema. Sikujibu, angejua sauti si yako. Nilimshika tu mpaka mwisho. Aliondoka akijua ni wewe."

Jumatano saa nne. Saa hiyo Bi Silabi alikuwa kwenye darasa lile lile, akiwapigisha wanafunzi makofi. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, bila kujizuia, paji la uso juu ya kamusi, na Kinyago alikaa pale mikono ikiwa magotini, asithubutu kumfuta hata chozi moja. Ilikuwa adhabu kwa wote wawili.

"Nenda," alimwambia hatimaye. "Toka kwanza. Siwezi kukutazama sasa hivi."

*

Nyumba za walimu zilikuwa mwendo wa dakika kumi. Alimkuta mama mkwe wake sebuleni, anakunja nguo, mwanamke mdogo wa mwili, mkubwa wa ulimi, aliyeishi na mkwe wake tangu msiba kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na mtu mwingine wa kukaa naye. Nyuma yake mlango wa chumba cha kusomea cha Profesa ulikuwa wazi. Mama alikipangusa kila siku. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kukalia kiti cha mle ndani, hata fundi wa umeme alisimama.

"Mbona mapema? Na macho yamekuvimba. Nani kakufanya hivyo?"

"Mwanao, Mama."

Mama akaliweka shati mezani.

"Kumbe kakwambia," alisema. "Nilijua hataweza kunyamaza. Mwanamume mwenye macho kama yale hanyamazi."

"Amenyamaza miaka saba. Wewe pia. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba mume wako kitandani hana usingizi kwa sababu ya muuguzi? Ungekaa na hilo moyoni. Nilikuokoa." Alichukua shati jingine, akalikunja vibaya. "Tena sikiliza, mwanangu. Yule aliapa mbele yangu. Mkono wa mwanangu ulikuwa mkononi mwake. Kiapo kile bado kipo."

"Mimi sikuapa kitu."

"Wewe huna haja ya kuapa. Wewe ni mke wa mwanangu."

"Nilikuwa, Mama."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya nyumba ile. Wote wawili walilisikia, na Bi Silabi angeweza kuapa kwamba kutoka kile chumba cha kusomea mtu alikohoa, kikohozi kikavu, cha mara mbili, kama anayetaka kuingilia mazungumzo kwa adabu. Hakugeuka. Kwa mara ya kwanza hakugeuka.

"Unampenda yule mtu," alisema Mama. Halikuwa swali.

"Nampenda."

"Zaidi ya mwanangu?"

"Usinipimishe hivyo. Mwanao alinifanya nilivyo. Nikifungua mdomo darasani, nusu ya kinachotoka ni chake. Lakini mimi nina miaka thelathini na tisa na naishi kama mlinzi wa makumbusho."

Mama alilikunjua lile shati. Kisha akasema kitu ambacho Bi Silabi hakukitegemea, kwa sauti ndogo sana kwa mwanamke yule:

"Ukienda kwake, nani atabaki wa kumkumbuka mwanangu? Mimi kesho kutwa nakufa. Nikifa na wewe ukiwa mke wa mtu, atakuwa amekufa kweli."

Kumbe ndilo lililokuwepo. Kiapo kilikuwa kisingizio tu. Bi Silabi alipiga magoti mbele yake, akaishika mikono iliyokuwa ikilichezea lile shati.

"Mama, mimi sijui kumsahau. Nimejaribu. Hata leo amenijia darasani, safari hii kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikienda popote nitakwenda naye."

"Wanaume hawapendi hivyo."

"Huyu alimshika mkono akikata roho, Mama. Mwanao aliuliza kama ni Jumamosi."

Mama akainua uso. Hilo hakulijua.

"Aliuliza nini?"

"Kama ni Jumamosi. Alidhani mimi nimekuja. Huyu akamdanganya kwamba ndiyo, akampa mkono, asife akimtafuta mtu."

"Mimi nilikuwa nimetoka kutafuta chai," Mama alisema. "Foleni ilikuwa ndefu. Nilirudi na kikombe mkononi." Midomo ikaanza kumcheza. "Foleni ilikuwa ndefu, mwanangu."

Walikumbatiana pale chini, wajane wawili wa mtu mmoja, ukitaka kusema kweli, na walilia kilio ambacho walipaswa kukilia miaka saba iliyopita. Lakini baraka hakupewa. Tusije tukampaka Mama rangi isiyo yake. Alipojifuta macho alisema wazi:

"Mimi siwezi kusema ndiyo. Nikisema ndiyo nimemsaliti mwanangu. Usiniombe."

"Siombi."

"Na mlangoni hapa asikanyage. Si mwaka huu."

"Nimesikia, Mama."

Bi Silabi akasimama, akachukua mkoba wake. Mama alimtazama anavyotengeneza kitambaa cha kichwa mbele ya kioo. Hakumwambia nenda, hakumwambia usiende. Aligeuza uso ukutani, akaendelea kukunja nguo.

*

Kinyago alipanga chumba juu ya duka la vifaa vya shule. Ilikuwa saa tisa alasiri, mlango uko wazi kwa ajili ya joto. Vitabu vilikuwa sakafuni vimefungwa kamba, mafurushi saba, na yeye alikuwa amelipigia goti furushi la nane. Alipomwona akaacha kamba, ikafumuka.

"Nilikuwa naondoka kesho," alisema. "Niliona Ijumaa ni mbali."

"Unakimbia."

"Ndiyo."

Bi Silabi aliingia. Aliyapita mafurushi, akasimama hatua moja mbele yake. Hakuwa amelala vizuri siku nyingi, uso ulikuwa umevimba, na kitambaa kilikuwa kimekwenda upande. Kinyago alimtazama kama wodini, ila safari hii hakuyainamisha macho.

"Sema," Bi Silabi alimwambia. "Ninataka kulisikia. Mara moja tu, hata kwa kunong'ona. Nani atajua?"

Kinyago alifungua mdomo. Bi Silabi aliliona lile neno likipanda kooni mwake. Kisha Kinyago akaufunga mdomo.

"Siwezi," alisema, na machozi yakamlenga. "Unadhani sitaki? Nimelibeba miaka saba, limenichubua. Lakini alikuwa anakufa, akaniamini, na sasa hana hata mdomo wa kunilaumu. Nikimvunjia mtu wa namna hiyo, wewe nitakuwa nimekuletea mwanamume gani?"

Bi Silabi alitaka kumpiga kofi, la silabi ndefu. Alitaka kumkumbatia. Alikaa na matamanio yote mawili, na katikati yake akagundua kwamba hangeweza kumpenda kama angelitamka.

"Kwa hiyo hutanitamkia kamwe."

"Kamwe."

"Hata tukizeeka. Hata nikiwa mgonjwa, nakuomba."

"Hata hapo." Akaonyesha mafurushi. "Ndiyo maana nilikuwa nafunga vitabu."

Bi Silabi aliyatazama maisha hayo. Aliyaona wazi kabisa: meza ya watu wawili yenye watatu, kikohozi chumba cha pili, Mama asiyefungua mlango, na neno moja ambalo wanawake wote duniani huambiwa mpaka wakachoka nalo, yeye hatalisikia, kwa sababu liko chini ya ardhi na mtu aliyempenda sana akashindwa kumwachia.

"Atakuwepo kila siku," alisema. "Unajua hilo?"

"Nimeishi naye miaka saba mimi pia."

"Alikuapisha usinijie. Mimi nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, juani. Hilo hakulifikiria."

"Hakulifikiria," Kinyago akakubali, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu kama kicheko kikampita usoni.

Bi Silabi akamshika mikono. Ilikuwa baridi, mikono ile iliyowahi kudhaniwa ni yake. Akaiinua, akaiweka mashavuni mwake.

"Nakupenda," alimwambia.

Kinyago alifumba macho. Bi Silabi akalirudia, polepole, kwa sauti ile ile.

"Nakupenda."

"Mbona mara mbili?"

"La kwanza ni langu," alisema Bi Silabi. "La pili nimekusemea wewe."